Simu kali, ndani vumbi tupu!

Kuanzia Kirumba hadi Buswelu, Pasiansi hadi Nyakato, vijana wa Ilemela kwa kutanua na simu hamna mpinzani. Kava la bei mbaya, picha bomba! Lakini chungulia kwa ndani: programu hazijaguswa tangu simu itoke dukani. Ukiuliza kisa, unajibiwa, "Zinakula bando."

Kweli zinakula, sibishi. Ila tuelewane kusasisha ni nini. Siyo kuletewa rangi mpya tu. Mara nyingi wenye programu wamegundua tundu ambalo mwizi anaweza kupita, wanakuletea kiraka. Kikishatangazwa, wezi nao wanajua tundu liko wapi, na asiyeziba ndiye anayeingiliwa. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha Windows. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu lilelile, kikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, za hospitali za Uingereza zikiwemo. Wengi walioumia ni wale wa "nitafanya kesho".

Utasema hayo ni ya Ulaya. Haya, muuza dagaa wa Mwaloni mtaji wake anautunza wapi siku hizi? Si humohumo kwenye simu! Kwa hiyo kama bando lenyewe ni la kuungaunga, mimi foleni naipanga hivi.

Wa kwanza ni programu za pesa: M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, na ya benki yako. Hizi hazingoji mwisho wa mwezi.

Wa pili, WhatsApp. Mwaka 2025 iliziacha simu za Android 4, kwa hiyo mwenye simu ya zama hizo aanze kudunduliza. Na nyie wa GBWhatsApp na FMWhatsApp, najua mnapenda kusoma meseji zilizofutwa. Agosti 2021 wataalamu wa Kaspersky walikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba kirusi kiitwacho Triada. Unachungulia ya wenzio kumbe na wewe unachunguliwa! Isitoshe, WhatsApp wenyewe huwafungia wanaotumia hizo za kuchakachua.

Wa tatu ni mfumo wa simu wenyewe. Huu ni mzito, subiri waifai ya ofisini au ya mshikaji. Ingia kwenye mipangilio, tafuta palipoandikwa kusasisha mfumo, chaji ikiwa imejaa.

Wa nne, kompyuta. Wenye steshenari, hapa tega sikio! Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako ina sifa, kuhamia Windows 11 ni bure. Kama haina, Microsoft walitoa nyongeza ya viraka kwa watumiaji wa kawaida hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na unajiunga palepale kwenye Windows Update. Usipuuze, maana watu wanakuachia vyeti na vitambulisho vyao humo.

Kuokoa bando ni rahisi. Fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia mipangilio, uagize programu zijisasishe kwenye waifai tu. Zile mbili za mwanzo zisasishe mwenyewe kwa mkono.

Halafu nasisitiza: usisasishe chochote kupitia linki uliyotumiwa kwenye meseji au kundi la WhatsApp, hata kama aliyeituma ni shemeji. Nenda Play Store au App Store mwenyewe. Meseji ya utapeli ikikufikia, ipeleke 15040.

Leo usiku zima muziki, jipe nusu saa na simu yako. Mpenzi atakusubiri, mwizi hasubiri. Tukutane wiki ijayo!