Waraka kuhusu spea zilizolala na spea zilizochakaa

Ndugu wanachama,



Kila tunapokutana, jambo hili linatuchelewesha. Mtu amekuja na ekseli ya Sturmey-Archer ambayo haijawahi kufungwa, bado imo kwenye karatasi yake, na hapo hapo tunagawanyika. Wapo wanaomwambia aifunge, wapo wanaomwambia aiweke kabatini. Wapo pia wa tatu, ambao ndio wananitia wasiwasi, wanaotaka abadilishe baiskeli nzima mpaka ifanane nayo.

Mimi nasema hivi. Panaposagana chuma na chuma, funga spea iliyolala, tena usiionee huruma. Pale ambapo jicho tu ndilo linalolalamika, acha kilichochakaa kikae.

Chukueni habu ya nyuma, ile AW ya gia tatu iliyoanza 1936 na ambayo wengi wetu tunayo. Ifungue, futa koni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha igeuze kwenye mwanga. Koni nzima ina mstari mmoja laini unaong'aa pale gololi zinapopita. Iliyokwisha ina vishimo kwenye mstari huo, kama makovu ya ndui, na ukipitisha ukucha unakwama. Hakuna grisi ya kuziba vishimo hivyo, na gololi mpya utakazoweka zitaharibika upesi. Koni hiyo itoke. Vitoke pia vijino vya kunasia gia vilivyolika ncha, pamoja na springi zake, kwa sababu gia ikiachia umesimama juu ya pedali kilimani, kitakachoumia si mfuko. Uzuri wa AW ni kwamba vitu vya ndani havikubadilika sana kwa miongo. Cha miaka ya 1970 kwa kawaida kinaingia kwenye habu ya miaka ya 1950.

Lakini ganda la habu liacheni. Pale juu pamepigwa mwaka wa kutengenezwa, tarakimu mbili tu, na kwa baiskeli nyingi zilizopoteza karatasi zake huo ndio ushahidi wa umri uliobaki. Ukitoa ganda lenye 54 lililopauka ukaweka lenye 71 linalong'aa, umeifutia baiskeli cheti cha kuzaliwa.

Cheni ipimwe kwa rula, isipimwe kwa macho. Kutoka pini hadi pini, vipande 24 viwe inchi 12 kamili. Vikizidi kwa moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha, na gia ndogo ya nyuma ibadilishwe nayo, la sivyo cheni mpya itaruka. Gia kubwa ya mbele yenye vichwa vya korongo wa Raleigh hudumu zaidi. Msiitupe kwa sababu nikeli imetoka.

Vikombe vya ekseli ya pedali vya Raleigh ya Nottingham vina nyuzi 26 kwa inchi, vya kawaida vya Kiingereza vina 24. Kikikataa kuingia, usikilazimishe. Kikombe utapata kingine. Fremu utakuwa umeiua.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hapa kidonda ni mpira. Raba za breki zilizolala tangu enzi za wazee wetu zimekauka, na juu ya rimu ya chuma iliyolowa hazishiki kitu. Fungeni raba za leo. Tairi za 28 kwa 1½ bado zinatengenezwa India na China, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kupandia tairi yenye nyufa eti kwa kuwa haijawahi kugusa lami. Habu iliyolala nayo ifunguliwe kabla ya kufungwa: grisi ya kiwandani imeganda.

Tandiko la Brooks lililochakaa likazwe kidogo kwa bolti ya puani na lipakwe mafuta yake. Ngozi ikiwa haijapasuka, halina haja ya mbadala. Madigadi yenye kutu, kengele iliyokwaruzika na rangi iliyoliwa na mikono pale kwenye fremu vibaki vilivyo.

Kwa wenye makabati: kiwanda cha Sturmey-Archer cha Nottingham kilifungwa 2000, jina likahamia Taiwan. Koni mnazozihifadhi hazizaliani, naelewa. Ila zilitengenezwa zizunguke, na ninyi mnazinunua wakati mwenzenu anasukuma baiskeli kwa mkono.

Kwa hiyo mkutano ujao kila mmoja aje na alichonacho kimelala, akiwa amekipima na kuandika kipimo. Mnachotoa kwenye baiskeli kiwekwe kwenye mfuko na kiandikwe kimetoka wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kotapini za milimita 9.5 awahi kufika, hizo ndizo zinazoulizwa zaidi.

Wenu katika chama,
Fundi