Mgonjwa Afunikwe, Hesabu Ifunuliwe

Kwa papa na mama zetu, kwa kaka na dada wa Butembo na Beni,

Nawaandikia kutoka Liège, Ubelgiji, juu ya michango tunayochangishana kwa simu kwa ajili ya wagonjwa. Naona watu wa huku wameanza kuichoka, na huko nyumbani inahitajika kuliko zamani.

Kila wiki kikundi cha WhatsApp kinaletewa picha. Mama aliyepasuliwa ili ajifungue, na sasa hatoki hospitalini kwa sababu ya deni. Kijana aliyekatwa panga akiwa shambani upande wa Oicha. Mtoto mwenye uvimbe shingoni. Jeraha liko wazi, uso uko wazi, na pengine mgonjwa hana fahamu wala hakuulizwa. Chini ya picha pana namba ya M-Pesa au ya Airtel Money na maneno mawili: tusaidieni haraka. Watu wanatuma, dola kumi huyu, euro ishirini yule. Kisha kimya. Hatuambiwi zilifika ngapi, nani alizipokea, mama alitoka au hakutoka. Wiki inayofuata inakuja picha nyingine, na wanaotoa wamepungua.

Ombi langu nalitaja mapema: mgonjwa afunikwe, hesabu ifunuliwe. Kwa sasa tunafanya kinyume.

Madhara ya fedha isiyotolewa hesabu mliyaona ninyi wenyewe, hakuna haja ya mtu wa ughaibuni kuwasimulia. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Mangina ikiwa kitovu, na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuondoka na watu 2,287. Dunia ilitoa mamia ya mamilioni ya dola. Waliotoa waliandikiwa ripoti. Mtu wa Katwa, hapo Butembo, hakuandikiwa chochote. Alichoona ni magari ya kukodi yakipita kasi mbele ya kituo cha afya kisicho na dawa ya malaria. Surua iliyoanza 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 nchini mwetu, wengi wao watoto, na haikuletewa magari hayo. Watu wakaipa shughuli nzima jina la biashara ya Ebola, na mimi siwezi kuwalaumu kwa jina hilo.

Watafiti waliohoji watu 961 mjini Beni na Butembo mwezi Septemba 2018 walikuta kwamba karibu mmoja kati ya wanne haamini kuwa Ebola ipo. Simu zikabeba uvumi uliobaki. Mwisho wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, kimoja baada ya kingine, ndani ya siku chache. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kututibu, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu hapo Butembo. Sababu zilikuwa nyingi: mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014 bila mtu kuyakomesha, na uchaguzi wa Desemba 2018 ambao sisi tulisogezewa hadi Machi. Lakini fedha iliyoonekana ikiingia na isionekane inapokwenda ilikuwa mojawapo, na ndiyo inayonitia hofu ninapotazama michango yetu midogo.

Kwa maana sisi ni watu wanaojua kuchanga. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, aliwahimiza wazazi wetu wasingoje serikali. Barabara zilichongwa kwa mikono, wafanyabiashara wakatoa, wakulima wakatoa, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kikafunguliwa katika mji ambao Kinshasa ilikuwa imeusahau. Mchango ule haukuhitaji mkaguzi wa hesabu. Aliyetoa saruji alipita njia ile kila asubuhi na kuuona ukuta ukipanda. Ukuta usipopanda, anamjua wa kumwuliza, na anajua nyumba yake.

Simu imetuondolea macho hayo. Anayetoa yuko Liège, Montréal au Kampala. Na njia ya fedha ni ndefu: GoFundMe, tovuti ya michango, hailipi kwenye akaunti ya benki ya Kongo, kwa hiyo ndugu aliye Ulaya au Amerika anafungua mchango kwa jina lake, fedha inaingia benki yake, naye anaituma kwa Western Union au kwa simu, na huko mwingine anaipokea na kuipeleka hospitalini. Kila mlango unakata chake, na katika kila mlango yuko mtu mmoja tu anayejua kiasi halisi. Mara nyingi mtu huyo ni mwaminifu kabisa. Lakini uaminifu wake hauonekani, na siku akisingiziwa hana karatasi ya kumtetea.

Kwa hiyo kabla ya kuchangisha, hospitali itoe hati ya deni yenye muhuri. Fedha ilipwe kwenye kasha la hospitali, isipitie mkononi mwa jamaa, na stakabadhi ipigwe picha, jina la mgonjwa likiwa limezibwa kwa kidole. Isemwe wazi zimeingia ngapi, zimekatwa ngapi njiani, zimebaki ngapi. Na tukubaliane mapema juu ya jambo ambalo watu wanaona haya kulitaja: mgonjwa akifariki fedha ikiwa bado njiani, itakwenda wapi? Nimeona familia mbili zikiacha kusalimiana kwa ajili ya swali hilo. Mimi napendekeza ilipe deni lake kwanza, isaidie mazishi, na inayobaki ihamie kwa mgonjwa anayefuata, mbele ya wote.

Sasa juu ya picha. Najua mtaniambia kwamba bila picha watu hawatoi. Ni kweli kwamba picha inagusa. Lakini mtoto huyu mwenye uvimbe atapona, ataingia shule, na picha yake itakuwa bado inazunguka. Mwanamke aliyebakwa akionyeshwa uso ameumizwa mara ya pili, na safari hii na sisi. Wapo kati yetu waliomtambua ndugu yao aliyeuawa huko Beni kwenye simu, kabla ya mtu yeyote wa familia kuwapigia. Sheria ya dijitali ya nchi yetu ya Machi 2023 inalinda habari binafsi za mtu, na habari za ugonjwa wake ndizo za kwanza kustahili ulinzi. Pia kuna usalama: katika eneo lenye wateka nyara, familia inayotangazwa kwenye Facebook kwamba imepokea dola 800 imetangazwa kwa kila mtu, hata kwa wasiotutakia mema. Picha ya mkono wa mama juu ya kitanda inatosha. Sauti ya muuguzi akieleza tatizo, bila jina, inatosha kabisa.

Tena uso una udhaifu mwingine. Mtoto mwenye uso mzuri anachangiwa usiku mmoja. Mashine ya oksijeni haina uso, wala damu, wala betri za sola za chumba cha upasuaji. Wagonjwa kumi wanaotegemea mashine moja hawawezi kushindana na picha moja. Lakini mchango usio na uso unawezekana: mwaka 2011, njaa ilipopiga kaskazini mwa Kenya, Wakenya walichangia kwa M-Pesa kupitia Msalaba Mwekundu wao, wakalipita lengo la shilingi milioni 500. Walipewa lengo moja, mlango mmoja, na kiasi kilichoingia kilitangazwa hadharani. Kwetu vita imeongeza mzigo: Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, benki zake na uwanja wake wa ndege zilifungwa, na waliokimbia mapigano ya kusini wamefika hadi Butembo na Beni. Hospitali ni zile zile.

Sizilaumu hospitali kwa kuwazuia mama zetu wenye madeni, ingawa jambo hilo linaniuma. Muuguzi asiyelipwa vizuri na serikali anaishi kwa ada ya wagonjwa. Mpango wa kujifungua bure ulioanzia Kinshasa Septemba 2023 ni mwema, na tuudai ufike kila wodi ya wazazi ya Kivu ya Kaskazini. Hadi siku hiyo, madeni yatalipwa kwa michango.

Ninachokitaka zaidi ya yote ni kwamba hesabu isomwe huko kwenu kabla ya kusomwa huku. Katika Ebola waliotoa fedha ndio walioandikiwa, na wenye wagonjwa ndio waliofichwa. Tusirudie hilo kwa udogo. Isomwe kanisani na msikitini, isomwe Radio Moto, kwa Kinande na kwa Kiswahili, ili mama muuza unga sokoni ajue ni dola ngapi zilitoka Liège na akiwa na shaka aende mwenyewe kuuliza kwenye kasha.

Tuanze na wodi ya wazazi ya hospitali moja, mtakayoichagua ninyi. Chagueni watu watatu: muuguzi mmoja, mama mmoja wa likelemba (upatu) ambaye hajawahi kugombana na mtu kwa ajili ya fedha, na kijana mmoja mwenye simu nzuri. Watuletee orodha ya madeni bila majina, kwa namba tu. Sisi wa huku tutakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mweka hazina wetu ameshakubali kuandika kila euro inayoingia na kila senti inayokatwa njiani. Tunangoja orodha yenu.

Mwana wenu wa Butembo,
Liège