Mkasi na Jina la Mwenye Picha

Mama mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana karatasi ya manila: kazi ya mradi ya bintiye wa Gredi ya Sita juu ya majahazi ya Lamu. Picha zilikuwa za kupendeza, zimetolewa kwenye intaneti. Lakini kila picha ilikatwa pembe ya chini, palipokuwa na jina la mpiga picha. "Sheikhe," akasema, "mwalimu alitaka kazi ya mtoto mwenyewe, nami nikapitisha mkasi. Nina makosa?"

Tulimjibu kwamba kubandika picha si kosa. Kosa ni mkasi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imeacha mlango kwa utafiti, matumizi ya binafsi na uhakiki, maadamu matumizi ni ya kiasi na ilikotoka kazi hiyo kunatajwa. Na wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Kuwait mwaka 1988, walikata shauri kuwa haki ya mtunzi inalindwa kisharia.

Hapo tuliona haya kidogo, maana nasi tumewahi kushika mkasi. Katika ujana wetu tulitoa hotuba ya Ijumaa tuliyoinukuu kutoka kanda ya sheikh mwingine, neno kwa neno, bila ya kumtaja. Watu walitusifu. Mzee mmoja akatushika mkono mlangoni, akatuambia kwa upole, "Kanda hiyo ninayo." Ajabu ni kuwa tulisomeshwa na maalimu asiyesimulia jambo ila kwanza ataje alilipokea kwa nani.

Bibi huyo akauliza kuhusu vitabu vya zamani. Nchini kwetu haki ya kitabu hudumu uhai wa mtunzi, kisha miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alifariki 1947, kwa hivyo muda wa maandishi yake umepita. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alifariki 1982. Tafsiri yake ya Qurani ingali na mwenyewe. Hata muda ukipita, jina la mtunzi ni lake.

Binti akaketi sebuleni kwetu, akaandika chini ya kila picha, kwa kalamu ya wino, jina la mpigaji na mahali ilipopatikana. Maelezo na michoro ya tanga akayaachia jina lake mwenyewe.

Kumbe shule imeipenda kazi hiyo, inataka kuitia katika kalenda ya kuuzwa. Hayo si masomo tena, ni biashara, na ruhusa ya mwanafunzi haifiki huko. Tukamsaidia mama kumwandikia mpiga picha. Hadi tunapoandika safu hii jibu halijaja, na mama amekwisha mwambia mwalimu kwamba lisipokuja, kalenda itoke na michoro ya mtoto peke yake.