Gonga Jiwe Kabla ya Kulizungusha

Huenda kijana wako aliyemaliza kidato cha nne yuko kwa nyanya yake Kosele, pande za Oyugis katika Kaunti ya Homa Bay, akisubiri kuitwa chuoni. Huko jembe likiwa butu hupelekwa kwa fundi wa jua kali, na kijana apendaye mambo ya vyuma hakawii kuomba ajaribu mashine ya kunolea, ile mafundi huiita grainda. Si vibaya. Ujuzi wa mikono umelisha wengi, kuanzia huko hadi Kamukunji hapa Nairobi. Lakini ajue kwanza anachokishika.

Jiwe la mashine hiyo si mwamba. Ni punje kali zilizogandishwa pamoja, na huvunjika kama sahani. Jiwe la kipenyo cha milimita 200 likizunguka mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake huenda kasi ya kilomita 107 hivi kwa saa. Matatu hairuhusiwi kupita 80. Sasa fikiria jiwe hilo likipasuka mbele ya uso wa mtu.

Kwa hivyo kazi huanza kabla ya kuwasha swichi. Jiwe jipya, au lililowahi kuanguka, lining'inizwe kwa kidole kilichopitishwa kwenye tundu lake, kisha ligongwe taratibu kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa mlio mzito uliokufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Hilo ni la kutupwa, si la kumgawia jirani. Kasi iliyoandikwa kwenye jiwe nayo isiwe chini ya kasi ya mashine.

Akiwasha, asimame kando na aliache jiwe lizunguke dakika nzima kabla ya kuligusisha chuma. Kiegemeo cha chuma kisiwe mbali na jiwe kupita milimita 3. Nafasi ikizidi, chuma hunaswa na kidole hufuata. Miwani ya kukinga macho ivaliwe kila mara. Glavu zivuliwe: wengi hudhani zinalinda, kumbe jiwe likizinasa huvuta mkono wote. Leso, tai na nywele ndefu zifungwe vyema.

Wanafunzi wa vyuo vya ufundi watakutana na mashine kubwa zaidi, ya kusawazisha uso wa chuma, ambayo hushika chuma kwa meza ya sumaku. Kabla ya kuwasha jiwe, kisukume chuma kwa mkono. Kikisogea, usianze. Vipande vidogo vizuiwe kwa vyuma vikubwa pembeni. Na usipime wala kupangusa chochote kabla jiwe halijasimama kabisa.

Kipande cha chuma kikiingia jichoni, usisugue, wala rafiki asikitoe kwa ncha ya leso. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwenye karakana azibe sehemu hatari za mashine. Basi kijana wako na amuulize fundi swali moja kwa heshima: "Jiwe hili uligonga lini?" Fundi akicheka tu, jembe la nyanya linolewe kwa tupa.

Tukutane Jumapili ijayo.