Samahani Haitoshi, Tunataka Sheria

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tunaijua Laeken kwa Atomium, iliyojengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1958. Katika maonyesho hayo hayo, pale Heysel, Wakongo waliwekwa nyuma ya uzio wa mianzi ili watazamwe, na baadhi ya watazamaji wakawarushia ndizi.

Miaka hiyo hiyo, kule Kongo, Rwanda na Burundi, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwatwaa watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu, na kuwapeleka katika misheni mbali na kwao. Hao ndio wanaoitwa métis. Wengi walibadilishiwa majina. Uhuru ulipokaribia, mamia wakaletwa Ubelgiji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mama zao hawakuwa na la kusema.

Mwaka 2018 Bunge lilipitisha azimio juu yao. Mwaka 2019 Waziri Mkuu Charles Michel akaomba radhi. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kuwa utekaji huo ulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, ikaamuru wanawake watano walipwe yuro 50,000 kila mmoja.

Ni ushindi mkubwa, lakini ni wa watu watano, na waliotwaliwa ni maelfu. Je, kila bibi mwenye miaka 75 atafute wakili, ashindwe kwanza kama watano hao walivyoshindwa 2021, kisha asubiri rufani? Wengine watakufa wakingoja.

Ndiyo maana nasema inatakiwa sheria, yenye mambo matatu: kila aliyetwaliwa apewe faili lake na cheti sahihi cha kuzaliwa, asaidiwe kuwatafuta ndugu zake, alipwe fidia bila kushtaki.

Wapo watakaosema walipa kodi wa leo hawana hatia. Ni kweli, lakini serikali ni ile ile, na hulipa madeni yaliyokopwa kabla hatujazaliwa. Hili nalo ni deni.

Sisi wa chama hiki tuna kazi pia. Anayetafuta ndugu zake Bukavu au Lubumbashi huhitaji barua ya Kiswahili, na hiyo tunaweza kumwandikia. Kabati la nyaraka hatuwezi kulifungua. Tumwandikie basi mbunge wetu.