Risala ya Wanafunzi na Wahitimu wa Tiba kwa Vitendo kwa Halmashauri za Karagwe na Kyerwa



Leo ni tarehe 27 Oktoba, siku ambayo fani yetu ya tiba kwa vitendo huadhimishwa duniani kote. Sisi ni watoto wa Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012. Wengine kwetu ni Nyaishozi na Rwambaizi, wengine Nkwenda, Kaisho na Murongo kule mpakani. Kati yetu wapo walio chuoni, wapo waliohitimu, na wapo wasaidizi waliojifunza kazi hii kwa kufuatana na wataalamu nyumba kwa nyumba bila kupata cheti chochote.

Mgeni Rasmi, turuhusu tuanze na kisu cha kumenyea ndizi.

Katika kijiji kimoja cha Kyerwa yupo bibi aliyepatwa na kiharusi. Alilazwa, akaruhusiwa, akarudi nyumbani anatembea kwa fimbo na maneno yake yanasikika. Kwa macho ya watu alikuwa amepona. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala, na kila jioni aliketi kwenye mkeka akimtazama mkwewe akimenya ndizi ambazo yeye alizimenya tangu akiwa binti. Hakuwa akilalamika. Alisema tu kwamba sasa yeye ni mtu wa kulishwa.

Mwenzetu mmoja, akiwa likizo, aliomba kipande cha ubao. Akapigilia misumari miwili kutoka chini ili ncha zitokeze juu, ndizi ichomekwe pale isiteleze. Akakata mpira wa tyubu ya baiskeli, akauviringisha kwenye mpini wa kisu hadi ukajaa kiganjani. Akamkalisha bibi vizuri, ubao ukawa mbele yake, akamwambia: jaribu kwa kushoto. Ndizi ya kwanza ilichukua muda mrefu, nusu ya nyama ikaenda na ganda. Wiki chache baadaye tulipopita tena hatukuhitaji kuuliza habari. Bibi alitunyooshea vidole vya mkono wa kushoto vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu.

Hiyo ndiyo kazi tunayoisomea. Tukijitambulisha kuwa tunasomea tiba kwa vitendo, watu hutuuliza kama tutakuwa tunatibu wafanyakazi, au wanasema, "Aa, wale wa mazoezi." Wa mazoezi ni ndugu zetu wa fiziotherapia, na tunafanya kazi bega kwa bega. Wao watamsaidia mgonjwa aweze kuuinua mkono. Sisi tunauliza mkono huo ukiinuka utafanya nini: utafunga kitenge, utashika jembe, utaanika kahawa, utajisafisha chooni? Mtu aliyevunjika nyonga hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo. Kigoda kilichotobolewa na fundi seremala wa hapo kijijini kinamrudishia heshima yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa uji akiwa amelala chali, uji unaweza kuingia njia ya hewa, na mama akadhani mwanawe anaugua kifua kila mwezi kwa bahati mbaya. Anahitaji kukalishwa, kichwa kiinamishwe mbele kidogo, kijiko kije kutoka usawa wa kidevu. Kiti chenyewe kinaweza kuundwa kwa maboksi na gundi ya unga, ustadi uliokuzwa Zimbabwe ambao umesambaa sehemu nyingi za Afrika. Haya yote ni elimu, na elimu hii inafundishika.

Kuipata ndiko kwenye shida. Chuo kinachojulikana zaidi kwa stashahada ya fani hii kiko KCMC, Moshi. Kwa mtoto wa Murongo, safari hiyo inapita Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida na Arusha. Lakini kabla ya basi kuna kidato cha nne: lazima ufaulu Biolojia, Kemia na Fizikia, na wengi wetu tumetoka shule za kata ambako maabara tuliijua kwa jina, hasa wasichana walioshinda kutwa wakichota maji. Kisha ada, chumba, chakula, sare, vitabu, kwa miaka mitatu. Mzazi anauza kahawa, anauza na ng'ombe, na muhula unaofuata barua ya ada inarudi palepale. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwapokea wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya. Tunaishukuru Serikali kwa hilo kwa dhati. Ila maombi yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, yanajazwa mtandaoni, na yana tarehe ya mwisho. Kijana asiye na cheti wala mtu wa kumwelekeza anachelewa, na kuchelewa huko ni mwaka mzima.

Mgeni Rasmi, hapa tunaomba utusikilize kwa makini, maana ndipo kilipo kiini cha kilio chetu.

Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo, lililoundwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi afanye saa zisizopungua 1,000 za kazi halisi na wagonjwa, chini ya msimamizi mwenye taaluma. Tungependa sana sehemu ya saa hizo tuzifanye huku nyumbani. Lakini mwanafunzi hawezi kupangwa mahali pasipo na mtaalamu aliyeajiriwa wa kumsimamia. Mtaalamu haajiriwi mahali ambapo nafasi yake haimo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa. Na ikama haiwekwi kwa sababu, tunaambiwa, hakuna aliyeomba huduma hiyo. Nani ataomba huduma ambayo hajawahi kuiona? Basi tunajifunza kwenye wodi kubwa za mjini, zenye vifaa vya mjini, tukimfundisha mgonjwa kuoga kwenye bafu lenye bomba, huku tukijua kwamba kwetu maji yanatoka bondeni na yanapanda mlima kichwani mwa mtu.

Ipo na habari ya lugha. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunamhoji mgonjwa kwa Kiswahili, naye mzee anatujibu kwa Kinyambo, lugha ya kwetu. Wataalamu wengi waliowahi kuwafikia watu wetu majumbani ni wageni wa kujitolea kutoka Ulaya. Walikuja kwa moyo safi, walitembea kwenye matope, walituachia hamu ya kusoma fani hii, na hatutawasahau. Lakini mgeni hukaa miezi kadhaa akaondoka. Kila swali lake lilipitia kwa mkalimani. Mtoto aliyekuwa ameanza kujilisha mwenyewe akabaki akimsubiri mgeni mwingine ambaye naye ataanza upya kumsoma. Mtaalamu aliyezaliwa Kaisho hahitaji kuelezwa kwa nini mama mkwe hatakubali kuogeshwa na mkwewe wa kiume.

Tunataja kwa heshima Programu ya Utengamao Ngazi ya Jamii Karagwe, KCBRP, pamoja na makanisa na hospitali zao, ambao wameubeba mzigo huu wa watoto na watu wazima wenye ulemavu kwa miaka mingi. Lakini shirika huendeshwa kwa fedha za wafadhili, na mradi una mwanzo na mwisho wake. Mtindio wa ubongo hauna tarehe ya kufunga mradi. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 650,000 katika wilaya hizi mbili zikijumlishwa, na tangu hapo tumeongezeka. Umma wa namna hiyo hauwezi kuendelea kutegemea fadhila.

Na anayehitimu je? Mmoja wetu alirudi na cheti chake. Akapeleka barua ofisi moja, akaambiwa nafasi ya fani yake haipo kwenye muundo. Akaomba ajitolee bila malipo, akaambiwa asubiri. Leo anafanya kazi kwenye kibanda cha miamala ya simu. Jioni, akishafunga, hupita kwa watoto watatu wa jirani kuwanyoosha mikono na kuwarekebishia viti, bure, kwa sababu mama zao wanamjua. Mafunzo ya miaka mitatu yanatumika saa moja kwa siku, gizani, kwa tochi ya simu. Sisi tulio chuoni tunamwangalia yeye tukijiona wenyewe.

Hatuombi jambo lililo nje ya sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 26 ya Mkataba inataka huduma za utengamao zianze mapema iwezekanavyo, ziwe karibu na watu, vijijini kukiwemo, na inataka wanaozitoa wafundishwe. Ibara hiyo inatuhusu sisi kabisa.

Kwa hiyo tunadai hivi.

Dai kubwa kuliko yote ni ikama. Kila halmashauri iombe, katika ikama na bajeti ya mwaka ujao wa fedha, angalau nafasi mbili za wataalamu wa tiba kwa vitendo: mmoja akae hospitali ya wilaya, mwingine awe wa kutembelea vituo vya afya na majumbani. Huyo wa pili apewe pikipiki na mafuta, la sivyo atakuwa mtaalamu wa ofisini. Wakishaajiriwa hao, chuo kitakuwa na sababu ya kutuleta nyumbani kufanya saa zetu, na mnyororo ule tulioueleza awali utakatika. Mengine yote yanaegemea hapo.

Tunadai pia halmashauri zetu, kwa kushirikiana na chama kikuu cha ushirika KDCU, zisomeshe vijana wawili kutoka kila wilaya kila mwaka katika fani za utengamao, mmoja wao awe msichana, kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi hapa. Kahawa iliwasomesha wazazi wengi wa mkoa huu; ushuru wake haushindwi kuwasomesha vijana wanne. Na maofisa watendaji wa kata wawe na siku maalumu za kuwasaidia waombaji wa mikopo kupata vyeti vya kuzaliwa na kujaza fomu mapema.

Kuhusu wasaidizi: Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Hao ndio watakaoingia kila kitongoji. Tunaomba wale wa Karagwe na Kyerwa wafundishwe kumtambua mtoto anayechelewa kukaa, kumkalisha na kumlisha, na kumfuatilia aliyepata kiharusi akirudi nyumbani. Tuko tayari kuwafundisha. Na wasaidizi wetu wa muda mrefu wapewe nafasi ya kwanza katika mafunzo hayo, ili ujuzi wao utambuliwe kwa cheti.

Neno moja kwa maofisa maendeleo ya jamii. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini mtu anapewa mkopo wa kufuga kuku na hakuna aliyemwonyesha atabebaje ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Kuku wakifa anaitwa mkopaji mbaya. Kabla kikundi hakijapewa fedha, mtaalamu akaone kazi yenyewe inafanyikaje na banda lijengweje.

Mgeni Rasmi, hatuombi ahadi ya leo jukwaani. Tunaomba majibu ya maandishi kutoka halmashauri zote mbili kabla rasimu za bajeti hazijafika kwenye mabaraza ya madiwani, na tumewateua wenzetu wa kuyafuatilia.

Mezani mbele yako tumeweka ubao kama ule wa bibi, pamoja na kisu chake na ndizi tatu mbichi. Tunakuomba uweke mkono wako wa kulia mfukoni, umenye moja.