Mtandao ukizimwa, simu zetu zitajuanaje?

Juni 25, 2024, siku vijana walipoingia Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha, intaneti nchini ilidorora. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina mpango wa kuizima. Safaricom nayo ilitaja hitilafu kwenye nyaya za chini ya bahari. Amini utakacho, lakini ukweli ni huu: ukimtumia beshte aliye kando yako ujumbe wa WhatsApp, lazima kwanza ufike kwenye seva za kampuni ndipo umfikie. Njia ikikatika, mnabaki kuangaliana tu.

Ndiyo maana kila kukiwa na maandamano, watu hukimbilia programu zisizotegemea seva. Hong Kong 2019 ilikuwa Bridgefy. Nepal, Septemba 2025, ilikuwa Bitchat. Simu yako inaongea na simu jirani kwa Bluetooth, nayo inapitishia nyingine, na nyingine. Bitchat huruhusu ujumbe kuruka hivyo hadi mara saba.

Sasa, simu zitajuanaje bila mtu wa kuzitambulisha? Napster ilikuwa na orodha moja kuu ya nani ana wimbo upi. Mahakama za Marekani zilipoibana mwaka 2001, mchezo ukaisha. BitTorrent ikashika somo: tangu 2005, daftari la anwani linaweza kugawanywa vipande, kila kompyuta ikabeba chake. Hakuna kichwa cha kukata. Ila mgeni bado lazima amjue angalau mwenyeji mmoja wa kumbishia hodi.

Kwenye Bluetooth, mwenyeji ni yeyote aliye mita chache kutoka ulipo, mradi naye ana programu hiyo. Katikati ya umati jijini, poa. Ukiwa peke yako kwa nyumba usiku, huna mtandao wowote. Na ukingoja intaneti izimwe ndipo upakue, umechelewa.

Tena, kukosa seva si kukosa macho. Mwaka 2020, watafiti wa Royal Holloway, London, walionyesha kuwa Bridgefy ingeweza kudukuliwa na watumiaji kufuatiliwa.

Kwa hivyo pakua mapema, wewe na watu wako, mjaribu kabla ya siku yenyewe. Lakini tusisahau kesi: Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa agizo la muda kuzuia serikali kuvuruga intaneti. Bluetooth itakufikisha mtaa wa pili. Agizo hilo linagusa nchi nzima. Tulifuatilie.